Matairi na Esanse: Kulichagulia Viatu Gari Dogo Kamalondo

Gari dogo likitembea mjini kwa mwendo wa kawaida, matairi hula esanse (petroli) nyingi kuliko upepo. Chukua Toyota Vitz yenye dereva na abiria wanne, uzito wote ukiwa karibu kilo 1,300. Kwa matairi ya wastani, yanayodai nguvu ya kilo 10 kwa kila tani ya uzito, injini hulazimika kusukuma kilo 13 muda wote ili magurudumu yaendelee kuzunguka kwenye barabara tambarare. Upepo, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ni kama nusu ya hapo. Vinalingana gari likikaribia kilomita 70 kwa saa, na kufikia 100, njiani kwenda Likasi au Kasumbalesa, upepo umekwisha kuwa mara mbili. Lubumbashi imekaa juu, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Hilo nalo hupunguza fungu la upepo na kuliacha fungu la matairi lilivyo. Zipo hasara nyingine za mjini, kama breki na kusimama kwenye foleni injini ikinguruma, lakini hizo tairi haliwezi kuzitibu.

Hasara ya tairi hutokea ndani ya mpira wenyewe. Sehemu inayogusa barabara hubanwa na uzito wa gari ikawa bapa, kisha ikiinuka hujirudi. Mpira haurudishi nguvu yote iliyotumika kuukunja; nyingine hubaki ndani yake kama joto, sawa na waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka unaunguza vidole. Tairi hufanya hivyo kila mzunguko, zaidi ya mara 500 kwa kilomita moja. Ndiyo maana tairi lililotoka safarini huwa na joto hata asubuhi ya Julai. Joto hilo limenunuliwa kwa esanse. Upotevu huu huitwa ukinzani wa kubiringika, na karibu wote unatokana na mpira kukunjwa, si na tairi kusuguana na lami.

Kwa miaka mingi kupunguza ukinzani kulimaanisha kutumia mpira mgumu, na mpira mgumu huteleza kwenye maji. Mwaka 1992 Michelin ilileta sokoni tairi ambalo sehemu ya masizi meusi ya kuimarishia mpira ilibadilishwa kwa silika, madini yenye asili moja na mchanga. Mpira wa silika hupoteza nguvu kidogo unapozunguka, lakini breki inaposhika bado unang'ang'ania barabara yenye maji. Tairi la kubana mafuta la leo limejengwa juu ya hatua ile, liwe Ecopia ya Bridgestone, Enasave ya Dunlop, BluEarth ya Yokohama au EcoContact ya Continental.

Vitabu vya Ulaya huliita tairi la namna hii tairi la kiangazi, kwa sababu huko kuna jingine la theluji. Kamalondo, wilaya ya Lubumbashi, jina hilo halina kazi, maana hakuna jingine la kulitofautisha nalo. Mwaka wa Lubumbashi una masika, mvua zikinyesha kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Aprili, na una kiangazi chenye vumbi jekundu na usiku wa baridi wa Juni na Julai. Mpira wa kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, kiwango ambacho jiji hili hukikaribia alfajiri tu za miezi ya baridi na kukiacha jua likipanda. Kila tairi la mwaka mzima hapa, basi, linapaswa kuwa tairi la kiangazi.

Lakini tairi la theluji linafika hata bila kuitwa. Magari mengi madogo ya Lubumbashi, yale yenye usukani wa kulia katika nchi inayoendesha mkono wa kulia, yamekuja yametumika toka Japani, yakashushwa Dar es Salaam na kupita Zambia hadi Kasumbalesa. Gari lililouzwa Hokkaido au pwani ya Bahari ya Japani laweza kufika likiwa bado na viatu vya barafu. Zamani matairi hayo yangetambulika kwa misumari yake. Japani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuzuia matairi ya misumari kwa sababu yalikuwa yakisaga lami na kujaza miji vumbi, na tangu hapo watengenezaji wakageukia mpira laini sana, usio na misumari, wenye mamia ya mikato myembamba ya kupinda-pinda kwenye kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara. Kwa mtu asiye mzoefu tairi hilo lapendeza: kashata ndefu, mpira mwororo, limetumika kidogo. Kwa joto la Oktoba, linalopita nyuzi 30 michana mingi, ni hasara ya pande zote. Kashata zake hupinda kama miguu ya meza mbovu, kwa hiyo linakula esanse. Linaisha upesi juu ya lami ya moto. Na breki ikikanyagwa kwa nguvu gari husogea mbele zaidi ya ilivyotarajiwa. Alama zake ziko ubavuni: neno STUDLESS, au mchoro wa kipande cha theluji ndani ya mlima wenye vilele vitatu, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Herufi M+S pekee, na hata mchoro huo pekee, havitoshi kulihukumu tairi, kwa kuwa huwekwa pia kwenye matairi ya misimu yote. Mwenye gari lililoingia karibuni atafaidika zaidi kwa kuinama na kusoma ubavu huo kuliko kwa kununua dawa yoyote ya kumwaga kwenye tanki.

Kwa matairi mapya kipo kipimo cha kulinganishia. Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha lebo za matairi Novemba 2012, na toka Mei 2021 lebo hiyo ina madaraja matano, A hadi E. Tairi la gari dogo hupata A likiwa na ukinzani usiozidi kilo 6.5 kwa tani, B hadi 7.7, C hadi 9.0, D hadi 10.5, na linalozidi hapo ni E. Japani ilitangulia, ikianza Januari 2010 kwa utaratibu wa hiari wa chama cha watengenezaji: AAA, AA, A, B na C, kwa mipaka ileile ya juu. Tairi la AA la Kijapani, kwa hiyo, ni sawa na B ya Ulaya, na A ya Kijapani ni sawa na C tu, jambo linalowapotosha wengi. Lebo zote mbili zina herufi ya pili, ya breki kwenye maji, nayo ina uzito uleule. Tatizo ni kwamba lebo ni karatasi iliyobandikwa kwenye kashata. Hung'olewa siku ya kufunga tairi, na kwenye tairi la okazo, yaani lililokwisha kutumika, haipo kabisa. Mnunuzi hubaki na jina la muundo lililochongwa ubavuni, na kwa jina hilo pamoja na saizi anaweza kutafuta daraja kwenye simu, kwani matairi yanayouzwa Ulaya tangu 2021 yamesajiliwa katika hifadhidata ya wazi. Ukitajwa mtengenezaji peke yake hujajua kitu: kiwanda kimoja hutoa tairi la B na tairi la E.

Tofauti hiyo ni kiasi gani cha mafuta? Lita moja ya esanse ina nishati ya megajuli 32 hivi, na katika injini ndogo kama robo yake ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Vitz ya kilo 1,300 yenye matairi ya kilo 10 kwa tani itatumia kwa ajili ya matairi peke yake karibu lita 1.6 kila kilomita 100. Ikivalishwa matairi ya kilo 7.5, yaani daraja la B, itatumia lita 1.2. Faida ni karibu lita 0.4 kwa kilomita 100. Kwa gari la familia linalokwenda kazini na sokoni ni kidogo. Kwa teksi inayozunguka kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni lita 120. Tairi likidumu kilomita 40,000, jumla ni lita 160, au lita 40 kwa kila tairi. Hapo ndipo kilipo kipimo kizuri cha bei, kisichoyumba hata faranga ikiyumba: tairi la B likizidi lile la D kwa fedha pungufu ya thamani ya lita 40, linajilipa, likizidi zaidi ya hapo, mwenye gari anawalipa wengine kwa sifa.

Hesabu hiyo ina sharti, na sharti lenyewe ni barabara. Ukinzani unaoandikwa kwenye lebo hupimwa maabara, tairi likizungushwa juu ya pipa la chuma kwa kilomita 80 kwa saa, katika chumba cha nyuzi 25, upepo wa ndani ya tairi ukiwa umepimwa sawasawa. Barabara za Kamalondo si pipa la chuma. Wilaya hii iko jirani na katikati ya jiji na safari zake ni fupi: sokoni, mjini, wilaya ya Kenya, au kwenye uwanja wa TP Mazembe siku ya mechi. Tairi huhitaji karibu nusu saa ya mwendo kufikia joto lake la kazi, na likiwa baridi ukinzani wake uko juu. Teksi inayosimama kila baada ya dakika kumi haifiki hapo upesi. Penye udongo hali ni nyingine kabisa. Juu ya lami ni tairi linalobonyea, juu ya udongo laini ni barabara yenyewe inayobonyea, na hakuna silika inayoweza kuzuia hilo. Anayelala mwisho wa kilomita kadhaa za tope asitarajie lita 0.4 zote. Kwenye lami ya mjini na barabara kuu, faida ni ya kweli.

Mashimo nayo yana neno. Njia mojawapo ya kupunguza ukinzani ni kupunguza mpira, na baadhi ya matairi ya kubana mafuta huja na kashata fupi kidogo na ubavu mwembamba ili yawe mepesi. Ubavu huo ndio unaopasuka ukingo wa shimo ukiubana kwenye rimu. Tairi la A lililopata uvimbe mwezi wa pili halikuokoa chochote. Kwa barabara hizi busara ni kutafuta B au C yenye ubavu imara, na ikiwezekana ile yenye herufi XL, iliyoimarishwa kubeba uzito na upepo wa ndani zaidi. Madereva wengine huchukua tairi la gari la mizigo, lenye herufi C baada ya kipenyo cha rimu, kwa sababu halipasuki ovyo. Kweli halipasuki, lakini ni zito, hurukaruka gari likiwa tupu, na daraja lake hupimwa kwa mizani tofauti na ya gari dogo, hivyo herufi zake haziwezi kulinganishwa moja kwa moja.

Kuhusu breki kwenye maji, hapafai kufanyiwa mzaha. Kati ya daraja moja na linalofuata, gari linalofunga breki toka kilomita 80 kwa saa juu ya lami yenye maji husogea mita 3 hadi 6 zaidi. Lubumbashi hupata mvua kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote katika miezi ya masika, na hatari kubwa haiko katikati ya masika. Iko kwenye manyunyu ya kwanza, pale vumbi la miezi ya kiangazi na mafuta yaliyodondoka hugeuka utelezi kabla mvua kubwa haijaosha lami. Kipo pia kishawishi ambacho lazima kisemwe waziwazi: tairi la kipara hubiringika kwa urahisi kuliko jipya. Kashata zikiisha kunabaki mpira kidogo wa kukunjwa, na ukinzani hushuka. Dereva anayesema gari lake linakula kidogo tangu matairi yaishe huenda anasema kweli. Lakini kashata ndizo zinazosukuma maji pembeni; chini ya milimita 3 kazi hiyo inapungua sana, na milimita 1.6 ndiyo mpaka wa sheria Ulaya, unaoonyeshwa na vinundu vilivyo ndani ya mifereji ya tairi. Hakuna lita inayofaa kuokolewa kwa njia hiyo mbele ya watoto wanaotoka shule.

Sehemu ya faida hiyo ya tairi la kipara, zaidi ya hayo, ni udanganyifu wa mita. Tairi lililolika milimita 6 kuzunguka limepungua kipenyo kwa asilimia 2, linazunguka mara nyingi zaidi, na mita huhesabu kilomita ambazo gari halikwenda. Ndivyo ilivyo kwa wanaobadilisha saizi. Vitz iliyozaliwa na 165/70R14 ikivalishwa 195/50R15 kwa ajili ya urembo hupata kipenyo pungufu kwa karibu sentimita moja, mita ikasifu matumizi yasiyokuwapo. Wakati huohuo tairi pana ni zito, linakata hewa nyingi, na ubavu wake umeshuka toka milimita 115 hadi 97, kwa hiyo rimu iko karibu zaidi na shimo. Saizi ya kibandiko cha mlangoni ndiyo ya kufuata. Namba ya uzito inayofuata saizi isipungue pia: 81 maana yake tairi moja hubeba kilo 462, na 84 ni kilo 500.

Tairi la okazo ndilo wengi wanalolimudu, na haitoshi kusema lisinunuliwe. Linunuliwe kwa kusoma. Namba nne za mwisho za alama ya DOT zinataja wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na liondolewe likifika kumi hata kama kashata zinaonekana, na jua la nyanda za juu halileti unafuu wowote. Nyufa ndogo ubavuni, kiraka cha ubavuni, mpira usiobonyea ukucha ukikandamizwa: kila kimoja kinatosha kulikataa. Tairi lisilohitaji mpira wa ndani likitiwa mpira wa ndani kwa sababu rimu imepinda, vitu viwili vinasuguana na kukunjwa pamoja, joto linaongezeka na esanse pia. Afadhali rimu inyooshwe.

Baada ya kuchagua, chaguo lote linashikiliwa na upepo uliomo ndani ya tairi. Tairi lililoshuka toka bari 2.2 hadi 1.6 huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 15, ambayo ni sawa na kushuka daraja zima la lebo. Anayelipia B na kuliacha lilegee amenunua C. Kwado, kama anavyoitwa fundi wa pancha nchini Kongo, hupima kwa teke au kwa kugonga na chuma, na sikio lake ni zuri kwa lori. Tairi la radiali la gari dogo hufura kidogo ubavuni hata likiwa sawa, na jicho haliwezi kutofautisha 2.2 na 1.8. Kipimo kidogo cha mfukoni hulipa bei yake haraka kuliko tairi lolote. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, na msimu uzingatiwe. Hewa ndani ya tairi hubadilika kama bari 0.1 kwa kila nyuzi 10: lililojazwa 2.2 mchana wa Oktoba litasoma karibu 1.95 alfajiri ya Julai bila kuvuja hata kidogo. Mwinuko nao hucheza na kipimo. Gari lililojazwa 2.2 Dar es Salaam husoma kama 2.34 likifika Lubumbashi, joto likiwa lilelile, kwa kuwa hewa ya nje inayolikandamiza tairi imepungua. Aliyeshuka pwani na gari lake hukutana na kinyume chake. Paralelizimu (ulinganifu) ya magurudumu ya mbele ihakikishwe baada ya kila shimo kubwa, maana tairi linaloburutwa kwa pembe, hata pembe ndogo, linasagika na kula mafuta kwa pamoja. Kama fedha zinatosha matairi mawili tu, mapya huwekwa nyuma, ili gari lisizunguke kwenye maji.

Limebaki swali la nani anayechagua. Katika teksi nyingi mwenye gari hununua matairi, dereva hununua esanse na kupeleka vesma, malipo ya siku kwa mwenye gari, kila jioni. Mwenye gari, kwa hiyo, hatafuti tairi linalobana mafuta. Anatafuta la bei ndogo, na hasara ya lita 0.4 kila kilomita 100 inaingia kwenye mfuko wa dereva, ambaye hakuulizwa. Hii huenda ndiyo sababu kubwa ya matairi mabaya mjini, kubwa kuliko kutojua. Inaweza kuvunjwa kwa makubaliano madogo: mwenye gari anunue tairi la B, dereva aongeze kwenye vesma thamani ya lita 0.2 kwa siku ya kilomita 100. Dereva anabakiwa na lita 0.2 nyingine kila siku, na mwenye gari, katika siku 400 za kilomita 40,000, amerudishiwa lita 80, yaani lita 20 kwa kila tairi alilolinunua ghali zaidi.